Sehemu ya Waliobaki penye Mizigo

Somo la wakatekumeni juu ya jamaa za askari waliopelekwa mbali

Mzee Yese wa Betlehemu alikuwa na wana wanane. Watatu wakubwa, Eliabu, Abinadabu na Shama, walikuwa wamekwenda vitani pamoja na mfalme Sauli, katika bonde la Ela. Siku arobaini Goliati alitoka asubuhi na jioni kuwatukana Waisraeli, na huko nyumbani mzee hakuwa na habari za wanawe. Ndipo akamwita Daudi, kitinda mimba wake, akamtwika efa moja ya bisi na mikate kumi kwa ajili ya ndugu zake, na jibini kumi kwa mkuu wa kikosi chao. Akamwagiza aangalie kama ni wazima, kisha arudi na alama ya kuonyesha kwamba amewaona kweli. Habari hiyo imo katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 17.

Watu wakiisoma sura hiyo huharakisha kufika penye kombeo na jiwe. Lakini jambo la mzee Yese latangulia, wala si dogo. Mzee hakuwa na nguvu za kwenda vitani, wala hakuwa na mamlaka ya kuwarudisha wanawe. Alikuwa na chakula, na kijana mwenye miguu myepesi, na hamu ya kupata alama. Tena hakumsahau mkuu wa kikosi. Wengine watasema jibini zile zilikuwa hongo. Afadhali kusema ni adabu ya mtu asiyependa kufika ugenini mikono mitupu. Naye Daudi, kabla ya kuondoka, aliwaacha kondoo kwa mchungaji mwingine. Mtu huyo hatajwi jina, lakini bila yeye safari isingaliwezekana. Kila nyumba ya askari yamhitaji mtu wa namna hiyo, anayeshika kazi ya mwenziwe bila kutajwa.

Nyumba zilizo kama ile ya Yese ziko kila mahali, na katika mji wa Bukavu ziko nyingi. Muhumba ni mtaa wa komini ya Ibanda, ukingoni mwa ziwa Kivu. Kuna majumba ya zamani yenye bustani, hata mgeni atokaye kijijini hudhani kwamba humo hamna mwenye shida. Kumbe katika mtaa wowote wa namna hii, nyuma ya majumba, katika vyumba vya uani, hukaa walinzi, wapishi na wafua nguo; na mara nyingine hukaa mke wa askari na watoto wanne, ambaye mumewe ameondoka na kikosi chake, wala simu yake haipatikani.

Kutengana huku kwa askari na jamaa zao si jambo jipya katika nchi ya Kongo. Jeshi la zamani, lililoitwa Force Publique, lilianzishwa kwa amri ya mwaka 1888. Mwaka 1916 askari wake walivuka Rusizi na milima ya Kivu, wakapita Rwanda na Burundi, wakafika hata Tabora, ambayo waliitwaa tarehe 19 Septemba. Nyuma yao walikwenda wachukuzi wengi sana kuliko askari, na wengi wao hawakurudi. Mwaka 1941 askari wa Kongo walipelekwa Uhabeshi, na mwezi wa Julai jemadari Mwitalia Gazzera akajisalimisha mbele yao huko Saïo. Kwa sababu hiyo kambi ya askari ya Bukavu ikapewa jina la Saïo. Watu wengi hulitaja jina hilo kila siku bila kujua kwamba ni la mahali pa mbali katika Uhabeshi. Baadaye wengine walipelekwa Nigeria, Misri na Palestina, na waganga na wauguzi wa jeshi walifika hata Burma. Kila mmoja wao alikuwa na mama, na wengi walikuwa na mke. Vitabu vya vita vyaeleza habari za majemadari kwa urefu. Habari za wale mama ni chache mno.

Desturi ya jeshi la Kongo tangu zamani ilikuwa kuwaacha wake wakae kambini pamoja na waume zao, wakilima na kupika, na mara nyingi kuwafuata kikosi kikihama. Jeshi limebadilika jina mara nyingi, likawa Jeshi la Taifa mwaka 1960, na tangu 2003 laitwa FARDC. Lakini desturi ya kufuatana haikukoma. Hata katika vita vya miaka hii wake wa askari wameonekana karibu na mstari wa mapigano, katika vibanda vya turubai, wakiuza sigara, chumvi na mihogo ili nyumba ipate chakula. Hapo pana swali gumu kwa mke: amfuate mumewe, au abaki? Akimfuata, nyumba haitengani, lakini watoto wakosa shule, na risasi haichagui. Akibaki, watoto wasoma, lakini mara nyingi mshahara hausikiki. Hakuna amri ya Kanisa inayomkataza hili wala lile. Yafaa tu kusema kwamba mtoto aliyekwisha anza kusoma asiondolewe shuleni ikiwa ipo nyumba ya Wakristu iwezayo kumpokea. Tangu mwaka 2019 serikali imetangaza shule za msingi kuwa bila malipo, lakini daftari, kalamu na nguo za shule bado zanunuliwa. Hapo ndipo kikundi cha kusaidiana kina kazi ya kufanya.

Kabla ya kueleza kikundi hicho, hapana budi kujibu swali moja ambalo wakatekumeni huuliza. Je, kuisaidia nyumba ya askari si kuisaidia vita? Swali hili ni la haki katika nchi ambamo watu wameona mengi kwa mikono ya wenye bunduki. Askari walimjia Yohane Mbatizaji wakamwuliza wafanye nini. Hakuwafukuza, wala hakuwasifu, bali aliwakataza kunyang'anya na kusingizia watu, akawataka waridhike na mshahara wao (Luka 3). Bwana wetu Yezu Kristu aliistaajabia imani ya akida wa Kafarnaumu. Petro naye alipotumwa kwa wapagani, nyumba aliyoingia ilikuwa ya Kornelio, akida wa Kaisaria, na walioshukiwa na Roho Mtakatifu siku ile walikuwa akida pamoja na jamaa na rafiki zake aliowakusanya (Matendo 10). Tena, mtoto wa askari hakuchagua bunduki. Mtoto wa askari mwovu ana njaa ile ile aliyo nayo mtoto wa askari mwema.

Mtakatifu Martino awafaa wakatekumeni kuliko wengine katika jambo hili. Baba yake alikuwa askari wa dola ya Roma, naye mwenyewe aliandikwa jeshini akiwa kijana wa miaka kumi na mitano, hali ni mkatekumeni bado. Penye lango la mji wa Amiens, wakati wa baridi kali, alikutana na maskini aliye uchi. Akalipasua joho lake kwa upanga, akampa nusu. Sulpisio Severo, aliyeandika habari za maisha yake, asema kwamba usiku ule Martino alimwona Kristu amevaa ile nusu ya joho, akiwaambia malaika kwamba aliyemvika ni Martino, aliye mkatekumeni tu. Basi mkatekumeni asiseme atangoja batizo kwanza ndipo aanze kutenda matendo ya huruma. Sikukuu ya Mtakatifu Martino ni tarehe 11 Novemba.

Sasa juu ya fedha. Zamani mshahara wa askari wa Kongo ulipita mikononi mwa wakubwa wa vikosi, na kila mkono ulipunguza kidogo, hata askari akapata mabaki. Kuanzia mwaka 2005 ujumbe wa Umoja wa Ulaya ulioitwa EUSEC ulisaidia kuitenga njia ya mshahara na njia ya amri, na kuhesabu askari kwa alama za vidole. Kisha, kuanzia 2011, serikali ilianza kuwalipa askari na watumishi wake kwa njia ya benki. Hiyo ilikuwa hatua njema. Lakini akaunti ya benki ni ya jina la mume. Mume akiwa porini, mahali pasipo na benki wala mtandao wa simu, fedha zalala mjini na watoto walala na njaa katika mji ule ule. Kwa hiyo askari Mkristu, au mkatekumeni, kabla ya kuondoka imempasa kupatana na mkewe: fedha zitafikaje, kwa simu ya nani, na kwa siku gani ya mwezi. Imempasa pia kuangalia kama mke na watoto wameandikwa katika karatasi zake za kazi, na kama watoto wana cheti cha kuzaliwa. Wako wanaume waonao aibu kuzungumza mambo hayo usiku wa mwisho, wakidhani kwamba kutaja kifo ni kukiita. Hiyo ni imani ya kipagani, nayo imewaachia wajane wengi umaskini.

Maaskofu wa Kongo katika mkutano wao wa mwaka 1961 waliamua kwamba parokia zijengwe juu ya jumuiya ndogo za Wakristu wakaao karibu karibu. Katika Bukavu na Goma jumuiya hiyo huitwa shirika. Kila shirika hukutana katika nyumba ya mmoja wao, husoma Neno la Mungu, na huuliza: nani mgonjwa, nani amefiwa, nani hajaonekana? Kikundi cha kuwasaidia wake wa askari kisijengwe mbali na shirika. Kiwe mkono mmoja wa shirika, kwa sababu askari atarudi, naye asikute kwamba mkewe ametengwa na majirani na kuwekwa katika chama cha wenye huzuni peke yao.

Namna ya kuchanga watu wa Kivu ya Kusini wameijua. Iko likelemba, ambapo wote hutoa na mmoja hupokea kwa zamu. Hiyo yafaa wenye mapato ya hakika, lakini yaweza kumwumiza mke wa askari, kwa maana mwezi ambao hakutumiwa kitu atashindwa kutoa, na deni litageuka kuwa ugomvi. Iliyo bora kwake ni muso, ambayo imeenea sana vijijini na mjini. Muso huwa na sanduku la kijani na sanduku jekundu. Katika la kijani kila mmoja huweka akiba yake, na fedha zake hukopeshwa kwa wanachama na kurudishwa pamoja na faida ndogo. Katika sanduku jekundu kila mmoja huweka ada ndogo, na fedha zake haziko kwa kukopeshwa: hutolewa bure kwa aliyepatwa na ugonjwa, kifo au msiba mwingine, wala hazirudishwi. (Muso nyingine zina sanduku la tatu, la buluu, kwa fedha zitokazo nje, kikundi kidogo kisilitamani mapema.) Kufuli ziwe zaidi ya moja, na funguo zikae kwa watu mbalimbali, ili asiwepo mtu awezaye kufungua akiwa peke yake. Hesabu isomwe kwa sauti kila mkutano, kwa sababu wako wasiojua kusoma, nao wana haki ya kusikia.

Kikundi cha wake wa askari chaweza kupatana kwamba mume asipotuma fedha, mke asamehewe ada ya sanduku jekundu kwa mwezi ule, bila kupoteza haki yake. Wengine hunung'unika: "Mbona yeye apata bila kutoa?" Daudi alikwisha amua neno hili. Yeye na watu wake walirudi Siklagi wakakuta mji umeteketezwa, na wake na watoto wao wametekwa na Waamaleki. Hakuna sura ya Biblia inayofanana na habari za Kivu kuliko hiyo: wanaume wako mbali vitani, na nyumbani ndiko balaa iliko. Walilia hata wakakosa nguvu, wakataka kumpiga Daudi kwa mawe. Kisha watu 400 walikwenda kuwafuata adui, na 200 waliochoka walibaki kijitoni Besori pamoja na mizigo. Wote waliotekwa walipookolewa, wako waliosema wale 200 wasipewe nyara. Daudi akakataa, akaweka kuwa sheria katika Israeli kwamba aliyebaki penye mizigo na aliyeshuka vitani wagawiwe sawasawa (1 Samweli 30). Mke aliyebaki Bukavu na watoto wanne yuko penye mizigo.

Kumtembelea huyo mama ni kazi kubwa kuliko kumpa fedha, nayo ina adabu yake. Bwana wetu aliwatuma wanafunzi wawili wawili. Basi waende wawili, nao wawe akina mama, au mtu na mkewe. Mwanamume asiende peke yake katika nyumba ambayo mwenyewe hayupo, hata akiwa mkuu wa shirika, hata akiwa katekista. Wasianze kwa kuuliza habari za vita. Waseme tu, "Mama, tumekuja kukuamkia," kisha wakae. Mke wa askari huulizwa habari za mumewe kila siku na kila mtu, sokoni na kisimani, na wengi huuliza kwa udadisi tu. Akitaka kusema, atasema mwenyewe. Wakiona debe la maji ni tupu, mmoja wao aende kuteka. Wasimletee maneno ya mitaani ya kwamba kikosi fulani kimepigwa. Habari ya namna hiyo, ikiwa si kweli, imeua watu kwa moyo kusimama. Ikiwa ni kweli, yapasa ifike kwa kinywa cha padri au mzazi, si kwa mpita njia mwenye simu.

Jambo lifuatalo lahitaji kusomwa polepole. Katika miaka isiyofika thelathini mji wa Bukavu umeingiwa na vita mara nne: mwishoni mwa Oktoba 1996, siku zile zile alipouawa Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, tarehe 29, tena Agosti 1998, tena Juni 2004, tena Februari 2025, wapiganaji wa M23 walipoingia mjini tarehe 16, baada ya majeshi ya serikali kutoka. Kila mara mji ulipobadili mikono, nyumba ya askari iligeuka kuwa nyumba ya hatari kwa usiku mmoja. Mke ambaye jana alijivuna kwa picha ya mumewe amevaa sare, leo huificha chini ya mahindi. Kwa sababu hiyo kikundi cha namna hii kisiwe na daftari linaloandika kikosi cha mume, cheo chake, wala mahali alipo. Daftari liandike jina la mama, ada yake na mkopo wake, basi. Kisitangazwe kanisani kuwa kikundi cha wake wa askari; kiitwe kwa jina la mtakatifu, au kwa jina la shirika. Wasaidizi wasipige picha wakati wa kugawa unga. Watu wengine wenye moyo mwema hupenda kuonyesha wema wao katika simu, wakasahau kwamba Bwana alikataza kupiga tarumbeta mbele ya sadaka. Na katika siku za vita tarumbeta hiyo yaweza kumleta mtu mlangoni usiku. Kunyamaza kwa namna hii si uongo. Mkristu hasemi uongo, lakini si kila aulizaye ana haki ya kujibiwa.

Iko pia hatari itokayo ndani. Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 11, chasema kwamba wakati wa wafalme kwenda vitani Daudi alibaki Yerusalemu, akamtazama Betsabea kutoka juu ya dari, naye alikuwa mke wa Uria, askari aliyekuwa vitani. Uria alipoitwa mjini alikataa kulala nyumbani kwake, kwa kuwa wenziwe walikuwa wamelala katika mahema. Mwisho wake unajulikana. Daudi alikuwa yule yule aliyewapelekea ndugu zake mikate, na aliyetoa sheria ya haki kijitoni Besori, dhambi haikumwogopa. Kila mtaa una mtu mwenye dari ya namna hiyo: mwenye duka akopeshaye unga kisha adai malipo mengine, mwenye nyumba afutaye deni la kodi kwa sharti la siri. Sanduku jekundu ni kinga dhidi ya watu hao kuliko mahubiri mengi. Mama awezaye kupata unga kwa wenziwe hana haja ya kubisha hodi kwa mwenye duka usiku.

Watu huwalinda wake wa askari kwa macho makali, wakihesabu nani ameingia na nani ametoka, wakasahau kwamba amri ya sita yamfunga na mume huko aliko. Askari aliyefunga ndoa, akichukua mwanamke mwingine penye kambi mpya, amevunja agano lile lile. Kutumwa mbali hakumpi ruhusa hata ya siku moja. Sheria ya Musa ilimwachia mwanamume aliyeoa karibuni mwaka mzima asiende vitani, akae amfurahishe mkewe (Kumbukumbu la Torati 24). Majeshi ya siku hizi hayana sheria hiyo, lakini mkuu wa kikosi aliye Mkristu angeweza kuikumbuka anapoandika majina ya watakaoondoka.

Latokea pia jambo lenye uchungu kuliko yote: mume hakurudi, wala maiti yake haikuonekana, wala karatasi haikuja. Hapo mafundisho ya Kanisa yajulikane vizuri.

Swali: Mke wa askari aliyepotea aweza kuolewa tena kwa sababu miaka mingi imepita?

Jibu: Hapana. Kutokuwapo kwa mume, hata kwa muda mrefu, si ushahidi wa kifo chake. Kifungo cha ndoa chabaki mpaka kifo kijulikane.

Swali: Ikiwa hakuna cheti cha kifo, mama huyo amefungwa hata mwisho wa maisha yake?

Jibu: Sivyo. Askofu wa jimbo aweza kutangaza kwamba mume ahesabiwe kuwa amekufa, baada ya kuchunguza maneno ya mashahidi, habari zilizoenea na dalili nyingine, hata apate hakika moyoni. Ndivyo isemavyo sheria ya Kanisa, kanuni ya 1707. Mama aende kwa paroko wake, naye atamwonyesha njia.

Swali: Na ndoa ya wasiobatizwa?

Jibu: Nayo ni ndoa ya kweli ikifungwa kwa haki. Kwa hiyo mkatekumeni ambaye mumewe amepotea amweleze padri mambo yote kabla ya batizo, asifiche kitu.

Mara nyingi mashahidi ndio wakosekanao. Askari mwenzake aliyemwona akianguka yuko mkoa mwingine, au amekufa naye. Hivyo kikundi chaweza kufanya kazi ambayo hakuna ofisi itakayoifanya: kuwauliza kwa upole wote warudio, kushika tarehe na mahali waliposema, na kumpelekea paroko, ambaye atayatunza mahali salama. Maneno hayo yasikae katika nyumba ya mtu. Aliyepewa uhuru na Kanisa akiolewa tena, asisemwe vibaya. Mtume Paulo aliruhusu wajane waolewe, ila iwe katika Bwana. Na aliyechagua kungoja asichekwe.

Kwa askari aliye mkatekumeni mwenyewe, kuhamishwa kwaleta hasara nyingine. Amesoma mafundisho mwaka mzima katika parokia moja, kisha apelekwa mahali ambapo hakuna amjuaye, aanze tena tangu ishara ya msalaba. Basi kabla ya kuondoka amwombe padri barua fupi isemayo ameandikwa lini katika kitabu cha wakatekumeni na amefika wapi. Mkewe ashike nakala. Wakati wa kusali jioni, yeye huko na watoto huku, wapatane sala moja na saa moja. Simu haifiki kila mahali. Salamu Maria moja saa mbili ya usiku haihitaji mtandao.

Nchi jirani nazo zimelijua jambo hili. Kenya kuna chama cha wake wa wanajeshi, ambacho hukusanya wake wa wakubwa na wa wadogo pamoja. Na nchi hiyo ilipata msiba mkubwa tarehe 15 Januari 2016, kambi ya askari wake huko El Adde, Somalia, iliposhambuliwa. Uganda, askari wana ushirika wao wa akiba na mikopo tangu 2005, uitwao Wazalendo. Jina hilo lisimchanganye msomaji wa Kivu, kwa maana huku lina maana nyingine. Na katika Kivu yenyewe wamekufa watoto wa watu wa mbali. Tarehe 7 Desemba 2017 kituo cha askari wa Umoja wa Mataifa cha Semuliki, katika Beni, kilishambuliwa usiku, wakauawa Watanzania wasiopungua 14. Askari wa Pakistani nao walikaa Kivu ya Kusini miaka mingi, mpaka ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulipoondoka katika jimbo hilo mwezi wa Juni 2024. Watoto wa Bukavu waliwaona wakipita katika magari meupe, na pengine hakuna aliyewaza kwamba kila mmoja alikuwa na mtoto mahali fulani akihesabu miezi.

Labaki swali la mwisho, ambalo huulizwa kila kikundi kinapoanza: je, apokewe mke wa askari aliye Mprotestanti, au Mwislamu, au asiye na dini? Katika Matendo ya Mitume, sura ya 6, wajane wa wenye kusema Kigiriki walisahauliwa katika kugawa chakula cha kila siku, na manung'uniko yao yakawafikia Mitume. Hawakuambiwa waanzishe meza yao wenyewe. Walichaguliwa watu saba wa kuhudumia meza ile ile, na majina ya wale saba yote ni ya Kigiriki. Kikundi cha Muhumba au cha kijiji chochote kikiwa na mama Mwislamu ambaye mumewe yuko kikosi kimoja na mume wa katibu wa shirika, huenda huyo ndiye mwenye habari ambazo wengine wote wanazingoja. Akija na ada yake, iandikwe. Akija bila ada, na mwezi huu mumewe hakutuma, afanyiwe kama wengine walivyopatana kufanyiwa.